Mwalimu na Haki ya Kila Mtoto Darasani: Jinsi ya Kumwandaa, Jinsi ya Kumsaidia

Semina ya siku 2 kuhusu usawa shuleni huisha vizuri. Vyeti vinagawiwa, picha ya pamoja inapigwa, na hakuna anayebisha kwamba kila mtoto ana haki ya kujifunza. Jumatatu mwalimu anarudi darasani, anauliza swali, na mikono inayonyooka ni ileile ya siku zote, ya madawati ya mbele. Anamchagua mmoja wao. Hakukusudia ubaya wowote. Ana mada ya kumaliza na kengele inakaribia kulia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuigusa Jumatatu hiyo: mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, mkufunzi wa chuo cha ualimu, mratibu wa mafunzo kazini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Sehemu kubwa ya upendeleo wa darasani imejificha katika mazoea ya kila kipindi: nani anaulizwa, anasubiriwa muda gani, anakaa wapi, daftari lake linasahihishwa vipi. Mazoea hayasikii hotuba. Hubadilika pale mtu anapoonyeshwa anachokifanya, akajaribu njia nyingine, na akawa na mwenzake wa karibu anayemtazama akijaribu.

Usawa unaozungumziwa hapa ni kila mtoto kupata kile anachohitaji ili afike walikofika wenzake. Kumgawia mtoto mwenye uoni hafifu kitabu cha herufi ndogo kama walichopewa wengine wote ni kumtendea kama wengine, lakini hakuna alichopata. Haki hiyo ina msingi wake: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unakataza ubaguzi katika kifungu cha 2 na kutambua haki ya elimu katika kifungu cha 28; Tamko la Salamanca la 1994 liliitaka dunia ifungue shule za kawaida kwa watoto wote; Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 24, unadai elimu jumuishi. Mwalimu wa darasa hahitaji kukariri namba hizi. Mwalimu mkuu anazihitaji, kwa siku atakayoambiwa kwamba mtoto fulani "hafai shule hii".

Hatua ya 1: Zisome rejesta kabla ya kupanga mafunzo yoyote

Usianze na mada za semina. Anza kwa kujua ni akina nani wanaoachwa nyuma katika shule hii hii, maana shule mbili zilizo jirani zinaweza kuwa na majibu tofauti kabisa. Chukua vitu vitatu ambavyo tayari vimo ofisini: rejesta za mahudhurio, matokeo ya majaribio, na kumbukumbu za adhabu. Kisha vichambue kwa makundi: wasichana na wavulana, wenye ulemavu, wanaozungumza nyumbani lugha isiyo ya kufundishia, wanaotembea mbali, waliorudia darasa, waliohamia katikati ya mwaka.

Tafuta mahali ambapo kundi moja linajitokeza katika orodha zote tatu. Watoto wanaokosa shule, wanaofeli na wanaoadhibiwa wakiwa walewale, umeshapata pa kuanzia. Angalia na kitu ambacho wengi hawakiangalii: siku za kukosa. Mtoto anayekosa siku zilezile za wiki huwa ana sababu ya nyumbani inayoweza kuulizwa kwa upole. Wasichana wanaokosa siku chache kila mwezi huenda wanaeleza hali ya vyoo na maji kuliko hali ya akili zao.

Tahadhari mbili. Kwanza, kundi la watoto 4 halitoi asilimia yenye maana; hapo zungumza juu ya kila mtoto. Pili, taarifa hizi zibaki kwa wanaohusika. Orodha ya "watoto wenye matatizo" iliyobandikwa ukutani ni dhuluma nyingine.

Kuhusu ulemavu, usimuulize mzazi kama mtoto wake ni mlemavu. Wengi watakataa, na wengine hawajui. Kundi la Washington, lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, lilitunga maswali yanayoepa neno hilo kabisa: je, ana shida ya kuona hata akivaa miwani? Ana shida ya kusikia? Ya kutembea? Ya kukumbuka au kuwa makini? Mzazi huchagua kati ya hana shida, ana shida kiasi, ana shida kubwa, na hawezi kabisa. Maswali ya watoto, yaliyoandaliwa pamoja na UNICEF na kutolewa mwaka 2016, yanagusa pia kujifunza, tabia na hisia. Shule yoyote inaweza kuyatumia wakati wa uandikishaji, mradi ikumbuke kwamba hayo si vipimo vya daktari. Yanaonyesha tu nani apelekwe kupimwa.

Hatua ya 2: Chuoni, usiitenge mada hii

Vyuo vingi huwa na kozi moja ya elimu jumuishi, inayofundishwa kwa kitini na kumalizwa kwa mtihani wa kueleza maana ya maneno. Mwalimu tarajali anafaulu, kisha anaandika andalio la somo la hisabati kana kwamba darasa zima ni mtoto mmoja. Dawa yake ni kuipeleka mada ndani ya mbinu za kila somo. Njia rahisi kuliko zote ni kuongeza safu moja katika fomu ya andalio la somo: "Nani anaweza kukwama hapa, na nitafanya nini?" Mkufunzi asiipokee fomu ambayo safu hiyo imejazwa "nitawasaidia wanafunzi wazito". Anataka kuona kitu kinachofanyika: nitasoma swali kwa sauti, nitatumia vifuniko vya chupa kuhesabia, nitaandika msamiati wa somo ubaoni kabla ya kuanza.

Mafunzo kwa vitendo nayo yapangwe kwa makusudi. Mwalimu tarajali aliyepelekwa mara zote shule yenye madarasa madogo na vitabu vya kutosha ataingia kazini akiwa mgeni wa hali halisi. Apate angalau awamu moja katika darasa lenye watoto wengi, au lenye watoto wasioijua vizuri lugha ya kufundishia. Apewe na kazi ya kumfuatilia mtoto mmoja anayesuasua kwa wiki kadhaa: azungumze naye, azungumze na mlezi wake kwa ridhaa, atazame madaftari yake, kisha aandike kile mtoto anachokiweza. Wengi huanza kwa kuorodhesha mapungufu. Warudishiwe kazi hiyo waiandike upya.

Hatua ya 3: Chagua mazoea machache, uyafundishe mpaka yakae

Hapa ndipo mafunzo mengi yanapopotea. Mada 12 kwa siku 2, na hakuna hata moja iliyozoewa. Chagua moja au mbili kwa muhula. Ningekuwa mimi, ningeanza na maswali.

*Kuuliza na kusubiri.* Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alirekodi masomo katika miaka ya 1960 na 1970, akakuta kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kiasi cha sekunde 1 tu kabla ya kuita mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanaosema "sijui" au kunyamaza walipungua, na watoto waliohesabiwa kuwa dhaifu walianza kujibu. Alikuta jambo jingine linalouma zaidi: walimu waliwasubiri muda mrefu zaidi wale waliowaona hodari. Aliyehitaji muda zaidi ndiye aliyepewa mdogo.

Namna ya kulifanyia mazoezi: walimu wakae watatu watatu. Mmoja anauliza, mmoja anajibu, wa tatu anahesabu sekunde kwa vidole bila kuonekana. Sekunde 3 za kimya zitaonekana ndefu mno, na watacheka. Warudie mpaka kimya kisiwasumbue. Kisha waongeze hatua ya pili: swali likiulizwa, watoto wazungumze wawiliwawili kwanza, ndipo mwalimu aite jina. Jina asilichague kwa macho. Vijiti vyenye majina ya wanafunzi ndani ya kopo vinatosha, na kilichotumika kinarudi koponi ili aliyejibu asijihesabu amemaliza kazi. Mtoto akikwama, mwalimu asikimbilie mwingine. Amrahisishie swali, au amwache asikilize wenzake wawili kisha arudi kwake. Kurudi kwake ndiko kunakohesabika.

*Kusahihisha.* Nchini India, watafiti Rema Hanna na Leigh Linden waliweka majina na matabaka ya kubuni, kwa kubahatisha, juu ya karatasi za mtihani, wakawapa walimu wasahihishe. Karatasi zilizobandikwa tabaka la chini zilipata alama pungufu kidogo. Waliozipunguza zaidi walikuwa walimu wa tabaka la chini wenyewe, na upungufu ulionekana zaidi katika karatasi zilizosahihishwa mwanzoni. Kwangu mimi matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yanafaa kusomwa katika kila chumba cha walimu, kwa sababu yanaondoa ule ubishi wa "mimi natoka familia kama zao, siwezi kuwabagua". Yanaonyesha pia cha kufanya: andika mwongozo wa alama kabla ya kufungua karatasi ya kwanza, ficha majina kwa kukunja pembe ya juu, sahihisha swali la 1 kwa wote kabla ya kwenda la 2, na mwishoni zirudie karatasi ulizoanza nazo.

*Kupanga kwa kiwango, kwa muda.* Pale ambapo watoto wengi wa madarasa ya kati hawajui kusoma, kuendelea na muhtasari ni kufundisha wachache. Shirika la Pratham la India lilijenga utaratibu ambao mtoto anapimwa kwa dakika chache (herufi, neno, aya, hadithi), kisha kwa saa moja au mbili kwa siku anakaa na wa kiwango chake bila kujali darasa alilomo. Umefanyiwa majaribio mengi ya kisayansi, baadhi yake na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walioshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Sharti lake ni kupima tena kila baada ya wiki chache na kuwahamisha watoto. Kundi lisilohama linageuka kuwa jela ya "wazito", na hapo usiite hiyo haki.

*Lugha.* Mtoto aelewe dhana kwa lugha anayoijua, kisha apewe maneno ya lugha ya kufundishia. Mwalimu asiyeijua lugha ya nyumbani ya mtoto awaache watoto wanaoijua waelezane kwa dakika 2, halafu waripoti. Kumwadhibu mtoto kwa kutumia lugha ya mama ni kumfundisha kunyamaza.

Mahali pa kukaa, nitasema kwa ufupi: zungusha safu kila wiki 2, isipokuwa mwenye shida ya kuona au kusikia, ambaye anabaki panapomfaa. Zamu za kufagia na kuchota maji nazo zizunguke. Ukikuta wasichana ndio wanaofagia na wavulana ndio viranja, hilo ni somo ambalo halimo kwenye muhtasari lakini linafundishwa kila asubuhi.

Hatua ya 4: Mwelekezi anayeingia darasani

Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti waliochunguza mafunzo ya walimu tangu miaka ya 1980, walionyesha kwamba maelezo, maonyesho na mazoezi ya semina, hata yakiwa mazuri, huleta mabadiliko kidogo sana darasani mpaka kuwe na mtu anayemwelekeza mwalimu akiwa kazini. Kwa hiyo bajeti ikiwa ndogo, punguza siku za semina, ongeza siku za kuingia darasani.

Mwelekezi bora ni mwalimu mwenzake anayefundisha shule ileile. Mkaguzi haifanyi kazi hii vizuri. Mwalimu akimwona mtu wa kuandika ripoti, anafundisha somo la maonyesho. Makubaliano yawekwe mapema kwamba anachokiona mwelekezi hakiingii katika faili la mwalimu. Bila hilo, acha kabisa.

Chombo cha kazi ni karatasi moja. Mwelekezi anachora madawati, na kila mwalimu anapomgusa mtoto kwa neno, anaweka alama kwenye dawati lake: S kwa swali, M kwa msaada, P kwa pongezi, K kwa karipio. Haandiki maoni. Baada ya dakika 30 mchoro unasema wenyewe, na unasema mambo ambayo mwalimu hakuyajua: kwamba K zote zimerundikana kwa wavulana watatu, kwamba safu ya nyuma haina S hata moja.

Mazungumzo ya baada ya somo yawe siku hiyohiyo, dakika 15, na mwalimu ndiye aanze. Kwa mfano:

"Mwalimu, mchoro huu hapa. Hebu utazame kwanza, mimi nitanyamaza."

"Mh. Upande wa dirishani hauna kitu kabisa."

"Wanakaa akina nani pale?"

"Wale waliohamia muhula huu. Lugha bado inawasumbua, sipendi kuwaaibisha."

"Nakuelewa. Sasa kipindi kijacho ungejaribu nini ili waongee bila kuaibika?"

"Labda waanze kuongea wawiliwawili, halafu niwaulize wamesemaje."

"Haya. Nitakuja Alhamisi, nitatazama upande huo tu."

Angalia kwamba mwelekezi hakutoa ushauri hata mmoja. Hakumwambia mwalimu kwamba anabagua, na mwalimu hakuhitaji kujitetea. Jambo la kujaribu ni moja, siku ya kurudi imetajwa. Mwelekezi akishindwa kujizuia kutoa orodha ya mapungufu 8, mfundishe upya au mbadilishe.

Shule isiyo na mtu wa kuwa mwelekezi inaweza kuazima desturi ya walimu wa Japani: kundi linaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanawatazama wanafunzi, kisha wanalirekebisha. Kila mtazamaji apewe watoto 3 wa kuwaangalia kipindi kizima, na wawe wale wasionyoosha mkono.

Hatua ya 5: Mtendee haki mwalimu mwenyewe

Haiwezekani kudai usawa kwa mtu anayepangiwa kazi bila usawa. Katika shule nyingi mwalimu mpya kabisa ndiye anayepewa darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko yote, na wazoefu wanajikusanya katika darasa la mtihani. Hapo watoto wanaojifunza kusoma wanafundishwa na mtu anayejifunza kufundisha. Geuza mpangilio: mwalimu hodari wa kusoma na kuandika apelekwe madarasa ya chini, na apewe heshima inayolingana. Mwalimu wa mwaka wa kwanza apunguziwe vipindi, japo viwili kwa wiki, ili aingie kuwatazama wengine.

Mwalimu asiyeona na mwalimu kiziwi wapewe vifaa na mkalimani wanaowahitaji. Na pawe na njia ya kutoa taarifa za unyanyasaji wa kingono, kwa walimu na kwa wanafunzi, isiyopita kwa mtu mmoja pekee, kwa sababu huenda mtu huyo ndiye mtuhumiwa.

Msitegemee moyo wa kujitolea. Kila jambo jipya mnalomtwika mwalimu, tafuteni la zamani la kumtua. Mkitaka ajaze mchoro wa maswali, futeni fomu mojawapo ambayo haisomwi na mtu.

Hatua ya 6: Wazazi

Vikao vya wazazi huhudhuriwa na wale ambao watoto wao wanafanya vizuri. Wanaohitajika hawaji, na wengi wao huitwa shuleni siku ya mashtaka tu. Kila mwalimu wa darasa atume habari njema moja kwa wazazi wawili kila wiki, akianza na wasiofika. Atakapohitaji kusema jambo zito, atasikilizwa.

Hatua ya 7: Pima kilichobadilika

Madodoso ya mtazamo wa walimu siyaamini sana. Baada ya semina kila mtu anajua jibu linalotakiwa. Linganisha michoro ya madawati ya wiki ya 2 na ya wiki ya 10. Zirudie rejesta za hatua ya kwanza. Zaidi ya hapo, waulize watoto, kwa karatasi zisizo na majina: "Mwalimu alikuuliza swali wiki hii?" "Ukikwama, nani anakusaidia?" Wasiojua kuandika wachague kati ya sura inayocheka na iliyonuna.

Mchoro ukibadilika na alama za mtihani zisibadilike, usiikatae kazi baada ya muhula mmoja. Ushiriki hutangulia alama. Mchoro usipobadilika kabisa, chunguza kwanza kama mwelekezi alikuwa akiingia darasani kweli. Mara nyingi ratiba ilimmeza.

Hatua ya 8: Kukabidhi darasa

Mwisho wa mwaka ndipo kazi ya miezi 10 inapoweza kufutwa kwa mazungumzo ya dakika 5: "Yule ni kichwa ngumu, usijichoshe." Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha jaribio ambalo walimu waliambiwa kwamba watoto fulani, waliochaguliwa kwa kubahatisha tu, wangechanua mwaka huo, na baadhi yao, hasa wa madarasa ya chini, walipanda kweli. Jaribio hilo limebishaniwa tangu hapo. Stephen Raudenbush alipokusanya majaribio ya aina hiyo mwaka 1984, alikuta kwamba athari ilionekana pale walimu walipopewa habari kabla hawajawajua watoto vizuri. Waliokwisha kukaa nao zaidi ya wiki 2 hivi hawakuyumbishwa sana. Hivyo neno la makabidhiano lina nguvu kwa sababu linamfikia mwalimu ambaye bado hajajionea.

Makabidhiano yawe ya maandishi, ukurasa mmoja kwa mtoto mwenye mahitaji, na yajibu mambo matatu: anaweza nini sasa, nini kilimsaidia, nini kilijaribiwa kikashindikana. Maneno ya tabia yasiwemo: mvivu, mkorofi, mzito. Vifaa vyake viandikwe pamoja na mahali vilipo, ili Januari asikae wiki 3 bila miwani, kibao cha kuandikia nukta nundu au kiti chake. Mwalimu anayepokea ausome ukurasa huo pamoja na anayekabidhi, na wote wawili watie sahihi kabla ya shule kufungwa.